Mwimbaji Anapopita Kilele Chake

(Somo la redio kwa watu wazima, limetayarishwa na Afisa Elimu, Haydom)

 

Wazee walisema, "Ngoma ivumayo haidumu." Methali hii hutajwa mara nyingi anapozungumzwa mwimbaji aliyekuwa na jina kubwa, kisha akapoa. Mmoja husema, "Huyu amekwisha." Mwingine hucheka. Leo tutauliza swali moja: ni kitu gani hasa kilichokwisha? Neno "amekwisha" ni zito, wala halifai kutamkwa juu ya mtu kabla ya kuchunguza.

1. Vilele vitatu

Mlima Hanang una kimo cha zaidi ya mita 3,400. Kila aliyeupanda anajua ya kuwa kileleni hapajengwi nyumba. Mtu hufika, hutazama nchi, kisha hushuka. Mwimbaji naye hupanda, lakini yeye ana vilele vitatu. Cha kwanza ni kilele cha kutunga, yaani miaka ambayo nyimbo zake bora humjia. Cha pili ni kilele cha sifa, yaani wakati watu wengi wanapomjua. Cha tatu ni kilele cha mapato. Wengi wetu hudhani vilele hivi hufikiwa siku moja. Sivyo. Tuwatazame waimbaji wanne wa nchi yetu.

Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwimbaji wa Morogoro Jazz, alikwenda Japani na bendi yake mwaka 1970, kwenye maonyesho makubwa ya Osaka. Mwaka 1973 aliunda bendi ya Super Volcano. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Huyu hatukumwona akishuka. Katika masikio yetu amebaki kijana siku zote, na sifa yake iliendelea kukua naye yumo kaburini.

Bi Kidude wa Unguja, jina lake Fatma binti Baraka, ni kinyume chake. Aliimba tangu ujana, lakini dunia ilimjua hasa alipokuwa bibi kizee. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Ulaya, na alifariki mwaka 2013. Kwake kilele cha sifa kilikuja katika umri ambao wengine huketi barazani kupunga upepo.

Wa tatu ni Muhidin Gurumo. Alikuwa katika NUTA Jazz miaka ya 1960, na mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park. Aliimba kwa karibu nusu karne, akastaafu mwaka 2013, akafariki Aprili 2014. Alipostaafu, kijana wa muziki wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, alimpa zawadi ya gari. Watu walishangilia, nao walikuwa na haki. Lakini tufikiri kidogo. Mzee ambaye sauti yake iliwachezesha watu tangu enzi za baba zao, gari lake limetoka kwa kijana mwenye huruma. Halikutoka katika nyimbo zake mwenyewe. Basi vilele viwili alivifikia. Cha tatu hakukifikia.

2. Habari ya Remmy Ongala

Wa nne ni Remmy Ongala, na kwake tutakaa zaidi. Alizaliwa Kongo mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Baadaye akaongoza Super Matimila. Aliimba juu ya mnyonge, juu ya kifo, juu ya fedha na ukosefu wake. Mwaka 1988 alipiga katika matamasha ya WOMAD, na mwaka 1989 na 1992 sahani zake zikatolewa Uingereza na kampuni ya Real World. Wimbo wake wa kuwahimiza watu watumie kondomu kujikinga na UKIMWI ulikataliwa na Radio Tanzania, ilhali mitaani ulijulikana sana.

Kisha mambo yakageuka. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Radio Tanzania ilikuwa ndiyo redio ya taifa zima, na bendi za dansi ndizo zilizotawala kumbi. Mwaka 1994 Radio One ilianza, zikafuata redio nyingine za watu binafsi. Vijana wakaleta muziki wao, ambao kijana mmoja aliweza kuutengeneza studio bila bendi ya watu kumi na zaidi. Remmy naye aliugua. Katika miaka yake ya mwisho aliuacha muziki wa dansi, akaimba nyimbo za Injili. Alifariki Desemba 2010. Huko Dar es Salaam, kituo cha basi karibu na nyumbani kwake kiliitwa "Sinza kwa Remmy".

Wapo waliosema kwamba Remmy wa Injili si Remmy. Walitaka nyimbo za zamani. Hapo ndipo penye kiini cha somo letu.

3. Kwa nini kilele hupita?

Sababu ya kwanza ni mwili. Sauti ni nyama na pumzi, nayo huzeeka.

Ya pili ni wenzake. Wimbo wa dansi si kazi ya mtu mmoja. Yuko mpiga solo, yuko wa besi, wako wapuliza tarumbeta. Mwaka 1985 Gurumo na wenzake kadhaa waliiacha Mlimani Park wakaenda Orchestra Safari Sound. Bendi ikigawanyika hivyo, kila upande huanza upya kutafuta mlio wake, hata kama mwimbaji ni yuleyule.

Ya tatu ni majira, kama tulivyoona.

Ya nne ni sisi wenyewe, nayo ndiyo husahauliwa. Wimbo tulioupenda tukiwa na miaka ishirini umeshika ujana wetu ndani yake. Tukimwomba mwimbaji mzee aupige tena, tunamwomba aturudishie miaka ile. Hawezi. Basi tunamlaumu kwa jambo ambalo hata sisi limetushinda. Akirudia ya zamani, twasema hana jipya. Akileta jipya, twasema amepotea njia. Mtu huyu afanye nini?

4. Lipi la kufanya?

Kwa mwimbaji, awe wa kwaya hapa Haydom au wa bendi ya mjini, nasema hivi. Mkulima wa huku hasubiri ukame ndipo ajenge ghala. Hulijenga mwaka wa mavuno. Mwaka wa sifa ndio mwaka wa kuandikisha nyimbo zako, na wa kuusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na iko ofisi inayoshughulikia haki hizo, COSOTA. Sheria haimsaidii asiyeijua. Pili, fundisha. Hapa kwetu, ambapo Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na Wahadzabe wamekuwa majirani, nyimbo nyingi hazikuandikwa popote. Mzee ambaye sauti imemkauka bado ana wimbo wote kichwani. Akimfundisha mjukuu, hajashuka bure.

Kwa sisi wasikilizaji, tumpime mtu kwa kazi yake bora, tusimpime kwa ya mwisho. Tena tulipe. Anayenakili wimbo bila malipo, kisha akamhurumia mwimbaji akiwa maskini, ameuchangia umaskini huo.

Tukirudi kwa swali letu la mwanzo, jibu ni hili. Kilichokwisha ni wakati wa mtu kuwa mbele. Kazi aliyoifanya haikwisha, wala utu wake. Methali ni ya kweli, ngoma ivumayo haidumu. Lakini waliocheza ngoma ile wanadumu kwa muda, nao wana deni kwa mpigaji.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Taja mwimbaji wa kijiji chenu ambaye haimbi tena. Ni nani anayezijua nyimbo zake leo?

2. Katika vilele vitatu, ni kipi ambacho mwimbaji anaweza kukiandaa mwenyewe, na kwa njia gani?

3. Je, mwimbaji aliyebadili aina ya nyimbo zake amewaacha wasikilizaji wake, au wao ndio waliomwacha? Toeni sababu.