Rada Inayojificha Ndani ya Kelele

Rada ya kawaida ina udhaifu mmoja: hujitangaza. Hutuma mipigo inayofanana, na adui mwenye kipokezi kizuri huitambua, kisha huivuruga. Mwaka 1959 mhandisi B. M. Horton wa Marekani alichapisha wazo jingine: tuma kelele, mawimbi ya kubahatisha yasiyojirudia.

Siri iko kwenye nakala. Rada huhifadhi kelele iliyoituma, na mwangwi ukirudi huulinganisha nayo. Kitu kilicho umbali wa kilomita 15 hurudisha mwangwi baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mwangwi na nakala vikioana kwa ucheleweshaji huo, umbali umepatikana. Anayedukiza hana nakala, basi kwake ni mkwaruzo tu.

Kazi ngumu ni kuisanifu kelele yenyewe. Kelele halisi ina vilele vya ghafla, na kipaza nguvu kikilazimika kuviachia nafasi, muda mwingi hufanya kazi chini ya uwezo wake. Ukivikata, nguvu inayotoka huongezeka, lakini ubahatishaji nao unapungua. Tena mwangwi wa meli kubwa huacha mabaki kwenye hesabu, yanayoweza kuimeza mashua iliyo jirani. Kurefusha muda wa kulinganisha husaidia, ili mradi chombo kisiwe kinakwenda mbio.

Wanaoiita rada isiyoonekana, kwa maoni yangu, wanatia chumvi. Nishati inatoka hewani. Aliye karibu, tena mwenye subira, anaweza kuipima ikipanda, hata asipoijua sura yake.