Mfungwa na Kura Yake
(Hotuba kwa watu wa Kombewa)

Wasikilizaji, mtu wa Kombewa akihukumiwa kifungo, huenda akapelekwa Kodiaga, jela kuu ya Kisumu. Huku nyumbani hudhaniwa ya kuwa, pamoja na nguo zake, ameuacha uraia wake mlangoni. Sivyo.

Kwa miaka mingi sheria ya Kenya haikumruhusu mfungwa kupiga kura. Ndipo shauri likapelekwa mahakamani kwa ajili ya wafungwa wa Shimo la Tewa, Mombasa, nalo likashinda mwezi wa Juni 2010. Tarehe 4 Agosti mwaka ule wafungwa walipiga kura ya maoni juu ya Katiba mpya, na mwaka 2017 wakashiriki kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu. Katika makosa yote, kifungu cha 83 cha Katiba hiyo hutaja moja tu limnyimalo mtu kura, nalo ni kosa la uchaguzi, kwa miaka 5. Wizi wa ng'ombe haumo.

Wako askari wa magereza wasiopendezwa na jambo hili. Huuliza: aliyevunja sheria amchagueje atakayeisimamia? Swali hilo si la upuuzi, na aliyeibiwa huliuliza kwa uchungu zaidi. Lakini hakimu alipotoa hukumu alitaja miaka ya kifungo, kura hakuitaja. Tena askari mwenyewe, akihamishwa na jina lake likasalia katika kituo cha zamani, aweza kuwa lindoni siku ile akimtazama mfungwa akipiga kura asiyoweza yeye kuipiga.

Hata hivyo haki ya mfungwa haijatimia. Mwaka 2017 na mwaka 2022 alipewa karatasi moja tu, ya Rais. Mtu wa Kombewa aliyeko Kodiaga hakumchagua mbunge wa Seme, wala hata gavana, ingawa jela na nyumba yake zote zimo katika Kaunti ya Kisumu. Ni vigumu kuona sababu ya hilo la gavana.

Lililo gumu zaidi ni kitambulisho. Pasipo hicho, au pasipoti, haandikishwi mtu, na mara nyingi kimesalia sandukuni nyumbani au kimepotea siku ya kukamatwa. Basi mwenye ndugu kifungoni akitafute mapema, akipeleke siku ya kumtazama, na kumkabidhi afisa wa gereza mbele ya ndugu yake, kabla wakati wa kuandikishwa haujapita.