Amiri na Wapiga Makasia

Leo napenda kuwaonyesha kwa maneno picha moja iliyomo Rijksmuseum, Amsterdam. Aliyeichora kwa kalamu na wino ni Willem van de Velde Mkubwa, Mholanzi aliyefuatana na merikebu za vita ili achore ayaonayo. Ni tarehe 10 Juni 1666, Vita vya Siku Nne na Waingereza vimekaribia. Mashua zinawaleta manahodha barazani katika De Zeven Provinciën, merikebu ya amiri De Ruyter.

Jina la amiri twalijua. Wapiga makasia hawatajwi. Tena mkono uliowatukuza Waholanzi, mwaka 1674 uliajiriwa na Charles II wa Uingereza kwa pauni 100 kwa mwaka. Basi, tuonapo picha ya vita, na tuulize: nani aliilipia, na nani alivuta kasia?