Dagaa wa Kigoma na Safari Yao ya Kila Usiku

(Maneno ya hotuba kwa wazee na waalimu wa Rau, Moshi)



Hapa Rau twala dagaa wa Kigoma kwa ugali na kwa ndizi, lakini ni wachache miongoni mwetu wajuao jinsi samaki huyu aishivyo. Leo twapenda kueleza habari za safari yake, maana safari hiyo ndiyo imtiayo mkononi mwa mvuvi.

Kwao ni Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake hufika mita 1,470. Katika maziwa yote ya Afrika hakuna lipitalo hilo kwa kina. Mchana makundi ya dagaa hushuka makumi ya mita, penye giza. Jua likichwa hupanda karibu na uso wa maji, na alfajiri hushuka tena.

Kwa nini wasumbuke hivyo? Sababu ni mbili, chakula na hofu. Mimea midogo mno, isiyoonekana kwa macho, huota juu penye mwanga wa jua. Mimea hiyo huliwa na wadudu wadogo wa majini, nao huogopa kupanda mchana wasije wakaonekana na kuliwa. Basi hungoja giza. Dagaa huwafuata wadudu, na migebuka huwafuata dagaa. Mfano wake ni sisi watu wa mlimani: kihamba kiko juu, na shamba la mahindi na majani ya ng'ombe viko chini tambarare. Mtu hushuka asubuhi na kupanda jioni, si kwa kupenda mwendo, bali kwa kuwa riziki haikai mahali pamoja.

Wavuvi waliijua desturi hiyo tangu kale. Kwanza waliwasha mioto ya kuni mitumbwini, baadaye wakatumia karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za betri. Mwanga huwavuta dagaa, na wavu huwachota. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika.

Pengine mtu atasema, "Ziwa lenye kina hivyo haliwezi kwisha samaki, wengine wamejificha chini." Sivyo. Chini ya mita 100 hivi upande wa kaskazini, na mita 200 hivi upande wa kusini, maji hayana oksijeni, yaani hewa ambayo samaki hawezi kuishi pasipo hiyo. Basi kina kile si ghala, bali ni nyumba tupu. Dagaa wote hukaa katika tabaka la juu, na kila usiku wa giza hupanda wenyewe penye taa.

Kwa ajili hiyo, mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo tangu 15 Mei hata 15 Agosti, kwa kufuata mapatano ya nchi nne zenye ziwa, ndizo Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaana.

Ndugu zetu, nyakati kama hizo dagaa wakiadimika sokoni na bei ikipanda, tusiwe wepesi wa kunung'unika. Mwenye kihamba hakati mgomba kabla haujazaa, hata akiwa na njaa. Waalimu nao wawaeleze watoto haya, wajue kwamba samaki aliye sahanini alipanda juu kutafuta chakula chake kama sisi tutafutavyo chetu.