Vijidudu Vinavyosafisha Udongo

Leo tutazungumza juu ya kazi moja ya udongo ambayo wengi wetu hatuijui.

Fikirini kiwanja ambacho mafundi wa motokaa wamemwaga oili chafu siku nyingi. Udongo umekuwa mweusi, majani hayaoti, na kisima ki jirani. Je, sumu hii itaondokaje?

Katika kijiko kimoja cha udongo mna mamilioni ya bakteria, wadogo hata hawaonekani bila hadubini. Baadhi yao hula mafuta kama sisi tulavyo ugali. Huyavunjavunja wapate nguvu, na yakiisha kuvunjika kabisa hubaki maji na hewa ya kaboni.

Lakini mtu haishi kwa ugali mtupu, na bakteria vivyo hivyo. Mwaka 1989 meli Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska, Marekani, ikamwaga mafuta yapata lita milioni 40. Bakteria walao mafuta walikuwako pwani hiyo tangu zamani. Walichopungukiwa ni naitrojeni na fosforasi. Wataalamu walitia mbolea ufukoni, na mahali pengi mafuta yakaoza upesi zaidi. Hata hivyo, mwaka 2001 mafuta yalikutwa bado chini ya changarawe, kusikofika hewa ya kutosha.

Basi tujifunze hapo. Udongo wenye mafuta hutandazwa juu ya sakafu isiyopenyeza maji, mbali na kisima. Hutiwa mbolea kiasi, hunyunyizwa maji bila kulowa chepechepe, na hugeuzwa mara kwa mara upate hewa. Kazi hii huchukua miezi mingi, na oili nzito pengine haiishi yote.

Tena nawaonya. Risasi itokayo katika betri ni madini, na hakuna bakteria awezaye kuimaliza. Oili chafu nayo huchukua chembe za madini kutoka katika injini. Kwa hiyo, udongo ukionekana umepona, msipande mboga mpaka upimwe, na maji ya kisima yapimwe pia. Kilicho bora ni kukusanya oili katika pipa kabla haijagusa ardhi.

Swali la kujadiliana katika vikundi vyenu: Hapo kwenu, oili chafu humwagwa wapi, na maji ya kunywa hutoka wapi?