Wavumbuzi wa Latvia na Mji wa Riga

Wavumbuzi wengi wa Latvia waliopata jina duniani walizaliwa Riga, na wengi wao walikamilisha kazi zao mbali na Riga. Kabla Latvia haijatangaza uhuru mwaka 1918, mji huo ulikuwa miongoni mwa bandari na vituo vikubwa vya viwanda vya Dola ya Urusi, na tangu 1862 ulikuwa na chuo cha ufundi. Walatvia, Wajerumani wa Baltiki, Wayahudi na Warusi waliishi humo pamoja. Wavumbuzi wanaoelezwa hapa ni wana wa nchi hiyo, wa kabila lolote.

Jacob Davis, Myahudi aliyezaliwa Riga mwaka 1831, alihamia Marekani mwaka 1854 na hatimaye akawa fundi nguo mjini Reno, Nevada. Suruali za wafanyakazi zilikuwa zikichanika mifukoni. Davis alizikaza sehemu hizo kwa ribiti za shaba, na wateja wakamiminika. Kwa kukosa fedha za kulipia hataza, alimwandikia Levi Strauss, mfanyabiashara wa San Francisco aliyekuwa akimuuzia vitambaa. Strauss alikubali kuigharamia, hataza ikatolewa tarehe 20 Mei 1873, na suruali hiyo ndiyo jinzi inayovaliwa leo. Ulimwengu umelishika zaidi jina la Strauss, ingawa wazo lilikuwa la Davis.

Uvumbuzi wa Wilhelm Ostwald hauonekani kwa macho, lakini kwa uzito wake unaupita wa wenzake wote. Alizaliwa Riga mwaka 1853, akafundisha katika chuo cha ufundi cha mji huo, kisha mwaka 1887 akahamia Leipzig. Mwaka 1902 alipata hataza ya njia ya kutengeneza asidi ya nitriki: amonia huchanganywa na hewa na kupitishwa kwenye platinamu yenye moto mkali, ambayo huharakisha mmenyuko bila yenyewe kuliwa, gesi inayopatikana huungana na oksijeni zaidi, kisha huyeyushwa katika maji. Kabla ya hapo asidi hiyo ilitegemea chumvi iliyochimbwa Chile. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani ilipozuiwa kufika Chile, njia ya Ostwald iliiwezesha kuendelea kutengeneza baruti. Njia hiyo hiyo ndiyo chanzo cha mbolea za nitrati, ikiwemo CAN ambayo wakulima wa Kenya na Tanzania huitumia kukuzia mahindi. Ostwald alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1909.

Friedrich Zander, aliyezaliwa Riga mwaka 1887, alihitimu katika chuo hicho hicho cha ufundi mwaka 1914. Shauku yake ilikuwa safari ya sayari ya Mirihi, na watoto wake aliwaita Astra na Mercury. Alipendekeza chombo ambacho sehemu zake za chuma zisizohitajika tena zingeyeyushwa na kuchomwa kama mafuta. Mjini Moscow aliunda injini ya OR-1, iliyotumia petroli na hewa iliyoshindiliwa. Alifariki kwa homa ya tifasi Machi 1933. Roketi ya GIRD-X, iliyotokana na kazi yake, iliruka Novemba mwaka huo.

Walter Zapp, aliyezaliwa Riga mwaka 1905, alitaka kamera itakayofichika ndani ya kiganja. Kiwanda cha umeme cha serikali, VEF, kilianza kuitengeneza Riga kabla ya Vita Kuu ya Pili, kwa jina la Minox. Kila picha kwenye filamu ilikuwa na milimita 8 kwa 11 tu. Kuivuta kamera hiyo kulifunua lenzi. Kuisukuma na kuivuta tena kulisogeza filamu. Kwa kuwa iliweza kupiga picha za nyaraka kutoka umbali wa sentimita 20, majasusi waliipenda mno, ingawa Zapp aliikusudia kwa watu wa kawaida. Vita vilimpeleka Ujerumani, na kampuni ya Minox ikaanzishwa huko.

Juris Upatnieks, aliyezaliwa Riga mwaka 1936, aliikimbia Latvia na familia yake mwaka 1944. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, yeye na Emmett Leith walitumia mwanga wa leza kutengeneza hologramu, yaani picha zenye kina, za vitu vyenye umbo kamili. Mwanafizikia Dennis Gabor alikuwa amebuni nadharia ya hologramu mwaka 1947, ila bila leza picha zake zilikuwa na ukungu. Hologramu yao ya garimoshi la kuchezea, iliyoonyeshwa mwaka 1964, iliwashangaza wanasayansi.

Ivars Kalviņš ndiye aliyebaki Latvia. Katika taasisi ya kemia ya Riga, miaka ya 1970, alibuni meldonium, dawa ya moyo. Shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni liliipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 2016, na mcheza tenisi Maria Sharapova akafungiwa kwa kuitumia. Kama dawa ya wagonjwa wa moyo, bado inauzwa Latvia.