TUSIMPIME KIJANA KWA MCHEZO MMOJA

Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana wa Chama waliokusanyika kuzungumza juu ya michezo. Tunaipiga chapa kwa faida ya wanachama ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, na ninyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka uwanjani na jasho halijakauka:

Nimeombwa niseme maneno juu ya mpira wa kikapu, na hasa juu ya ubishi mmoja unaozuka kati yetu kila ufikapo mwezi wa Julai. Vijana wetu hukesha usiku wakitazama ligi ya majira ya joto inayochezwa Las Vegas, Marekani. Kukicha, hukumu imekwisha kutolewa kijiweni: fulani ni mchezaji, fulani si kitu, fulani amekula pesa za bure. Sikuja kuwakataza kutazama. Nimekuja kuuliza swali moja tu: tunawapima vijana wale kwa kipimo gani?

Kwanza tuelewane ligi yenyewe ni kitu gani. Ligi kubwa ya Marekani, NBA, humaliza msimu wake mwezi wa Juni, na msimu mwingine huanza Oktoba. Katikati ya hapo wakubwa hupumzika na vijana huitwa kujaribiwa. Ligi ya Las Vegas ilianza mwaka 2004 kwa timu 6. Tangu mwaka 2018 timu zote 30 za ligi kubwa hupeleka vijana wao. Mchezo mmoja ni dakika 40 badala ya 48. Mchezaji hutolewa nje akifikisha rafu 10, na siyo 6 kama ilivyo katika ligi kubwa. Vijana, iangalieni sana sheria hiyo ya rafu 10. Maana yake ni kwamba kijana aachwe uwanjani akosee, aonekane, na afundishwe.

Wanaocheza ni akina nani? Wako wapya waliochaguliwa mwezi uliopita. Wako waliokwisha kucheza msimu mmoja au miwili. Na wako wengi ambao hawana mkataba wowote, waliotoka ligi ndogo au nchi za nje, wakitafuta riziki. Watu hawa wamefanya mazoezi pamoja siku chache tu. Hawajuani vizuri, na kila mmoja anajua kwamba wenye timu wamekaa pembeni na kalamu. Je, katika hali hiyo ni nani atakayetoa pasi? Ndiyo maana michezo ile mara nyingi hufanana na ndondo zetu za mtaani: kila mtu anataka afunge yeye, ili jina litajwe.

Sasa nitawapeni mfano. Mwezi wa Julai mwaka 2012, zawadi ya mchezaji bora wa Las Vegas waligawana vijana wawili. Mmoja alikuwa Damian Lillard wa Portland, na mwenzake alikuwa Josh Selby wa Memphis. Selby alifunga wastani wa pointi zaidi ya 24 kwa mchezo, na mitupo yake ya mbali iliyoingia ilizidi nusu. Mtu aliyetazama hesabu peke yake angeapa kwamba hawa ni mapacha. Lillard akawa mchezaji mpya bora wa mwaka 2013, na mwaka 2021 akatajwa miongoni mwa wachezaji bora wa miaka 75 ya ligi ile. Na Selby? Kabla ya mwaka 2013 kwisha alikuwa nje ya ligi kubwa, na hakurudi tena.

Simtaji Selby ili tumcheke. Kufika pale si kazi ndogo. Namtaja ili tujue kwamba zawadi ile haikuweza kutuambia lolote juu ya njia walizokuwa wakielekea vijana wale wawili. Wazee walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu hii hata mtoto wa darasa la tano anaiweza. Chukueni kijana aliyecheza michezo 5, na katika kila mchezo ametupa mipira 4 ya mbali. Jumla ni mitupo 20. Ikiingia 6, amepata 30 katika mia, nasi tutasema huyu hajui kutupa. Ikiingia 8, amepata 40 katika mia, nasi tutasema huyu ni hodari kabisa. Baina ya asiyejua na hodari pana mipira miwili! Mpira mmoja umegonga chuma ukaingia, mwingine umegonga chuma ukatoka. Je, ni haki kujenga au kubomoa maisha ya mtu juu ya mipira miwili?

Tena tazameni upande wa pili. Tarehe 7 Julai 2023, Victor Wembanyama, Mfaransa wa miaka 19 aliyekuwa amechaguliwa wa kwanza kuliko wote, alicheza Las Vegas mara ya kwanza akiwa na San Antonio. Alitupa mara 13, zikaingia 2 tu. Alitoka na pointi 9. Usiku ule ule watu walianza kusema kwamba amesifiwa kupita kiasi. Lakini aliyetazama kwa makini aliona kwamba katika mchezo huo huo kijana alizuia mitupo 5 ya wapinzani na alidaka ribaundi 8. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku mbili baadaye alifunga pointi 27 na kudaka ribaundi 12. Mwaka 2024 alichaguliwa mchezaji mpya bora kwa kura zote, pasipo hata mmoja kumpinga.

Basi, ndugu zangu, kama pointi za usiku mmoja si kipimo, kipimo ni nini? Nitataja mambo matano.

La kwanza, tuulize mtu huyu ni nani mbele ya wenzake. Kijana aliyekwisha kucheza misimu miwili katika ligi kubwa akiwafunga wageni, si ajabu. Asipowafunga ndipo tuwe na wasiwasi. Lakini mgeni wa miaka 19 akisimama imara mbele ya mtu mzima wa miaka 25, hata akifungwa, hilo ni jambo la kuandika.

La pili, tuangalie kazi zisizotegemea bahati ya siku. Mtupo unaweza kukataa leo na kukubali kesho. Lakini kurudi nyuma mbio kulinda, kuweka mwili katika nafasi kabla mpira haujagonga ubao, kumkinga mwenzako, kuruka kwa wakati, hayo hutoka katika miguu na katika nia. Mtu anayeyafanya Julai atayafanya pia Januari.

La tatu, tuulize alipewa kazi gani. Mara nyingi mwalimu humpa kijana kazi asiyoizoea kwa makusudi. Mchezaji mrefu huambiwa alete mpira kutoka nyuma. Mfungaji huambiwa apange mchezo. Atakosea, na atapoteza mipira. Sisi tulioko mbali tunahesabu makosa, na mwalimu wake anahesabu masomo.

La nne, tutazame mchezo wa kwanza na wa tano kwa pamoja. Je, kosa la siku ya kwanza limerudiwa siku ya tano? Akiwa alinyang'anywa mpira mkono wa kushoto, je, amejifunza kuukinga? Kwangu mimi hili linazidi yote. Kijana anayesahihisha kosa katika siku kumi ana mwalimu kichwani mwake.

La tano, tumtazame anapokosa. Baada ya kukosa mitupo mitatu, je, ananung'unika na kuacha kulinda? Ama anarudi mbio? Anapotolewa, anakaa peke yake mwisho wa benchi au anasimama kuwatia moyo wenzake? Haya hayaandikwi katika gazeti lolote la matokeo, lakini mtu akiwa na macho atayaona.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nifike nyumbani, maana jambo hili linatugusa sisi wenyewe.

Mwaka 2009 kijana wetu Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa 2 na timu ya Memphis. Mbele yake alikuwa Blake Griffin peke yake. Nyuma yake walikuwa James Harden, aliyechaguliwa wa 3, na Stephen Curry, aliyechaguliwa wa 7. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ile. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mwezi wa Februari 2010 Memphis ilimpeleka kwa muda katika timu ya Dakota Wizards, katika ligi ya maendeleo. Hiyo si ligi ya Las Vegas. Ni ligi ndogo inayochezwa wakati msimu unaendelea. Ilianza mwaka 2001 kwa timu 8, na tangu mwaka 2017 inaitwa G League. Mpaka siku ile hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kupelekwa huko.

Nasi tulisemaje? Tulisema ameshushwa. Tulisema ametuaibisha. Nakiri mbele yenu kwamba nami nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo, tena kwa sauti kubwa, na sikuwa nimetazama mchezo wake hata mmoja kwa ukamilifu. Nilisoma pointi, nikatoa hukumu.

Sikujiuliza kijana huyu alianza lini. Alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15! Wale aliokuwa akipambana nao wengi wao walishika mpira tangu utoto, wakiwa na walimu, viwanja vya ndani na ligi za kila rika. Kijana aliyeanza kwa kuchelewa namna ile, akafika nafasi ya 2 akiwa na miaka 22, ndiye hasa aliyehitaji dakika za kucheza na kukosea. Kumpeleka mahali atakapocheza dakika nyingi haikuwa aibu. Ilikuwa ni shule, na haikufaa sisi tumzomee mtoto wetu kwa kupelekwa shule.

Sisemi uongo ili kujifurahisha. Harden na Curry baadaye walipata heshima ya mchezaji bora wa ligi nzima, na Thabeet hakufika huko. Msimu wake wa mwisho katika ligi kubwa ulikwisha mwaka 2014, na baadaye alicheza hata Japani na Taiwan. Hizo ni habari za kweli. Lakini swali linabaki juu yetu: kabla hajapanda ndege, sisi tulikuwa tumempa michezo mingapi ya kukosea?

Wazee waliomo humu wanaifahamu habari hii kwa sura nyingine. Mwaka 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipita Tanganyika, ukaandika kwamba nchi hii ingeweza kujitawala baada ya miaka 20 au 25. Serikali ya kikoloni iliona hata muda huo ni mfupi mno. Mwaka 1961 tulikuwa huru. Waliotupima walihesabu tulichokosa siku ile, wala hawakutazama mwendo wetu. Je, sisi tuliokataa kupimwa hivyo tutawapima watoto wetu kwa kipimo kile kile?

Tazameni Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia jirani hapa Uganda. Alijifunzia kikapu Uganda, akaendelezwa katika chuo cha kikapu huko Senegal, na mwaka 2025 alichaguliwa wa 10 katika ligi kubwa akiwa na miaka 18. Urefu alizaliwa nao. Kilichoongezwa ni uwanja, mwalimu, na muda.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu kwa matawi yetu. Moja, kila likizo ya shule tuwe na mashindano ya vijana, hata kama ni katika kiwanja kimoja cha saruji na ubao mmoja mzima, na kila kijana acheze si chini ya michezo mitano. Tusichague timu ya wilaya kwa jioni moja. Mbili, katika kila mchezo awepo mtu mwenye daftari, asiandike pointi peke yake. Aandike ribaundi, mipira iliyozuiwa, pasi zilizozaa kikapu, na mipira iliyopotea. Baada ya likizo tatu daftari hilo litatuambia ukweli ambao kelele za mashabiki haziwezi kutuambia. Tatu, kijana aliyeachwa aambiwe kwa nini ameachwa, na apewe jambo la kujifunza, kisha aitwe tena likizo ijayo. Kumwacha mtu kimya ni kumfukuza.

Na ninyi vijana, Julai ikifika, tazameni Las Vegas kama mnavyopenda. Lakini mtakapomwona kijana fulani amekosa mitupo 11, msilale kabla hamjamtazama amerudi nyuma vipi kulinda baada ya mtupo wa 11. Na kesho yake jioni, mkija uwanjani kwetu, mtazameni hivyo hivyo mtoto wa jirani yenu.

Uhuru na Kazi!